Maharage ya Bibi na Maharage ya Shule

Wanangu, wengi wenu mmewahi kujiuliza swali hili, kama si kwa sauti basi moyoni: mbona maharage ya bibi yananoga na ya shule hayanogi? Maharage ni yaleyale, pengine yametoka soko moja na gunia moja. Ya shule yanakuja magumu katikati, mchuzi umejitenga na punje, na siku nyingine wadudu wanaelea juu. Ya bibi yamelainika hata ganda halisikiki ulimini, mchuzi wake mzito unashika kwenye tonge, na mtu akimaliza anafuta sahani kwa kidole. Na bibi hana fedha kuishinda shule. Leo nataka niwajibu kwa kirefu, maana ndani ya swali hilo mna karibu kila kitu anachohitaji kujua mtu anayelisha watu wengi kwa fedha kidogo.

Twendeni Morogoro. Nyumba ninayowapeleka nimeiunganisha kutokana na nyumba nyingi nilimokula, kwa hiyo msiitafute mtaani. Ina watu sita. Kuna bibi, mzaliwa wa Upareni aliyefuata mume Morogoro akabaki huko. Kuna baba, fundi ujenzi, ambaye akipata kazi anarudi na hela na asipopata anarudi na vifaa vyake tu. Kuna mama anayeuza maandazi na chai asubuhi. Halafu watoto watatu: binti wa kidato cha pili, kijana wa darasa la saba, na mdogo wa chekechea. Siku nzuri hela ya matumizi huwa shilingi elfu saba. Siku mbaya huwa elfu tatu, na zipo siku ambazo mama anaangalia tu kilichobaki kwenye ndoo ya unga.

Safari ya chungu cha maharage haianzii jikoni. Inaanzia sokoni, jana yake, jioni. Bibi anapenda kwenda Soko la Chifu Kingalu jua likishapoa, akiongozana na yule kijana wa darasa la saba abebe kapu. Mboga nyingi za soko hili hushuka kutoka Milima ya Uluguru, huko Mgeta na kwingineko, na mwenye mboga hapendi zimlalie. Jioni fungu la mchicha huongezwa bila kuombwa sana, na nyanya masalo, zile zilizobonyea lakini hazijaoza, huuzwa kwa bei ya kutupa. Bibi hazikwepi. Nyanya ya kuunga itapondwa hata hivyo, kwa nini alipie sura?

Kwenye maharage, bei inampita sikioni kwanza. Anachota kiganjani, anageuza kwenye mwanga, anatazama mng'ao. Haragwe la msimu huu lina ngozi iliyokaza na rangi iliyochangamka. Haragwe la zamani limefifia, limekuwa jeusi kidogo kuliko rangi yake, na mara nyingi limejikunja. Anabana punje moja kwa meno. Ikiacha alama ya jino, anauliza bei. Ikigoma kabisa, anarudisha kiganja kwenye gunia na kumwambia muuzaji kwa upole kwamba atapita siku nyingine.

"Lakini bibi, haya ni rahisi kuliko yale," kijana anamnong'oneza.

"Ni rahisi hapa, mume wangu. Tukifika nyumbani yatakula mkaa wote."

Bibi hajasoma kemia, lakini amesema jambo ambalo wanakemia wanalithibitisha. Ndani ya haragwe mna seli nyingi ndogo mno, zimeshikanishwa na kitu kiitwacho pektini kama udongo unavyoshikanisha matofali ya ukuta. Kupika maharage maana yake ni kuiyeyusha pektini hiyo kwa maji ya moto hadi seli ziachane. Hapo ndipo punje inapolainika. Haragwe likikaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu, pektini yake hufungamana na madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo humohumo kwenye punje, na kifungo hicho maji hayakifungui kwa urahisi. Unaweza ukalichemsha toka asubuhi hadi jioni likabaki na moyo mgumu. Kwa hiyo mnapopiga hesabu ya kilo ya maharage, ongezeni na mkaa wake, kisha ndiyo mlinganishe.

Bibi pia hafungwi na aina moja. Maharage yakipanda anatazama kunde, choroko, dengu na mbaazi. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje, na bei kwa wakulima wa Lindi na Mtwara ikaporomoka vibaya. Lilikuwa pigo la kweli kwa waliolima, na silisimulii kama neema. Nalisimulia ili mjue kwamba bei ya chakula mnachokiona kwenye sinia inaweza kuamuliwa ng'ambo ya bahari, na mpishi wa nyumba yenye kipato kidogo lazima awe na macho ya kuliona badiliko kabla halijamkuta.

Sasa tuko nyumbani, usiku. Baada ya chakula bibi anamwaga maharage kwenye ungo, na kijana anachambua chini ya taa. Anatoa vijiwe, vibonge vya udongo, punje zilizotobolewa na wadudu, na zile zenye ukungu. Ukungu hauna mjadala. Kuna ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambao hutoa sumu tunayoiita sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Punje ya namna hiyo inatupwa hata kama nyumba ina njaa, maana inaharibu ini polepole bila kumwambia mtu.

Maharage yaliyochambuliwa yanaoshwa na kuwekwa kwenye ndoo yenye maji mengi, kimo cha mara tatu ya maharage yenyewe, kwa sababu yatafyonza maji karibu sawa na uzito wake na kuvimba. Yanalala humo usiku kucha. Hiyo ndiyo siri ya kwanza, na haina gharama ila kukumbuka. Asubuhi maji yale yanamwagwa, na pamoja nayo inaondoka sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Maharage yaliyolowekwa mara nyingi huiva karibu kwa nusu ya muda wa yale makavu. Fikirini nusu ya mkaa. Fikirini na nusu ya saa za mtu anayekaa jikoni akiupepea.

Mpishi wa shule, kwa upande wake, anaanza asubuhi na maharage makavu. Simlaumu. Ana wanafunzi mamia, wasaidizi wachache, kuni mbichi, na hakuna aliyempa mapipa ya kulowekea wala mtu wa kuchambua gunia zima usiku. Basi hufanya haraka mambo matatu ambayo bibi hayafanyi. Hutia chumvi, nyanya na kila kitu kwa pamoja tangu mwanzo. Na uchachu wa nyanya huikaza ile pektini, kwa hiyo punje zinazidi kugoma. Akiona zimegoma, hutia magadi. Magadi hufanya kazi kinyume cha nyanya, huilegeza pektini upesi, na ndiyo maana wazee wengi wameyatumia na yanaokoa kuni kweli. Lakini yakizidi huleta ladha ya sabuni, na huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya faida kubwa ya kula maharage. Na mwisho, muda ukimwishia, anapakua. Hapo ndipo ule ugumu wa katikati unapotokea.

Kuna hatari nyingine iliyojificha hapo, na hii naomba mnisikilize vizuri. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Yakichemka kwa nguvu, sumu hiyo huvunjika kabisa. Yakipashwa tu kwa moto mdogo bila kutokota, haivunjiki, na punje chache za namna hiyo zinatosha kumtapisha mtu na kumwumiza tumbo ndani ya saa chache. Kwa hiyo sufuria ikishainjikwa, lazima itokote kwelikweli, mapovu yakipanda, kabla ya kufikiria kupunguza moto. Dakika kumi za kutokota zinatosha kuivunja, na bibi huacha zifike ishirini au zaidi.

Baada ya hapo moto unapunguzwa, na hapa kuna jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Maji yakishatokota hayapandi joto tena. Uongeze mkaa, upepee hadi mikono iume, maji yatabaki palepale kwenye nyuzi 100, au pungufu kidogo kama uko mahali pa juu. Moto wa ziada unafanya kazi moja tu ya kugeuza maji kuwa mvuke. Maharage hayaivi upesi zaidi, sufuria inakauka, na mkaa umekwisha. Kwa hiyo bibi anafunika sufuria, anafunga kile kimlango cha jiko ili hewa ipungue, na anaacha mtokoto mdogo wa kusikika kwa mbali. Kwa waliozaliwa Njombe, ambako mji upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota yakiwa kwenye nyuzi kama 93 tu, ndiyo maana huko maharage huchukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam hata kama ni ya gunia moja. Hakuna uvivu wa mpishi hapo.

Siku ambazo mkaa ni wa kuhesabu vipande, bibi anatumia kapu. Ni kapu kubwa la ukindu alilolijaza majani makavu ya mgomba na kulitandika blanketi kuukuu. Maharage yaliyolowekwa yakishatokota zile dakika ishirini, sufuria inatolewa motoni ikiwa imefunikwa vilevile, inatiwa kapuni, inafukiwa kwa nguo na mto juu, na haifunuliwi. Joto halina pa kutokea, kwa hiyo linaendelea kupika. Baada ya saa tatu au nne maharage yamelainika, na katika saa zote hizo hakuna aliyekaa nayo. Bibi ameenda kliniki na mdogo, amerudi. Kinachotakiwa ni sufuria iwe imejaa vya kutosha, maana chakula kidogo hupoa upesi, na kirudishwe motoni kitokote tena kabla ya kuliwa.

Tumefika kwenye kuunga, na hapa naomba ruhusa ya kwenda polepole, kwa sababu ndipo utamu wenyewe unapotengenezwa.

Jioni, maharage yameiva na yamo kwenye mchuzi wake. Bibi anainjika sufuria nyingine, tupu, anaiacha ikauke hadi tone la maji lisibaki. Anatia mafuta vijiko vitatu. Vitunguu viwili, amevikata vyembamba. Vinaingia, na papo hapo anavinyunyizia chumvi kidogo. Kijana anauliza kwa nini chumvi iende kwenye vitunguu wakati maharage ndiyo mengi. Bibi anamwambia atazame. Baada ya dakika chache vitunguu vimetoa maji yake, vimelala, vinapika ndani ya maji hayo bila kuungua, na havikuhitaji mafuta zaidi. Chumvi ndiyo iliyoyavuta maji. Mtu asiyejua hilo huona vitunguu vinakauka, akaongeza mafuta, kisha akaongeza tena.

Kijana ana njaa. Anataka nyanya ziingie.

"Kitunguu hakikimbizwi, mume wangu. Koroga, subiri."

Maji yanakauka, harufu inabadilika, kingo za vitunguu zinaanza kupata rangi ya asali. Hapo kitunguu saumu kilichopondwa kinaingia, sekunde chache tu maana huungua upesi. Kisha zile nyanya masalo, zimeparuzwa kwenye kikwaruzo, ganda limebaki mkononi. Zinapiga kelele, zinatulia, zinaanza kukauka. Bibi hatii haragwe hata moja bado. Anasubiri mpaka nyanya zimekuwa rojo zito na mafuta yamejitenga pembeni ya sufuria, yameng'aa. Ile ni alama kwamba maji ya nyanya yamekwisha na uchachu wa ubichi umeondoka. Ukitia maharage kabla ya alama hiyo, utakula nyanya mbichi hadi tonge la mwisho.

Halafu upawa mmoja wa maharage, peke yake. Anayaponda kwa mgongo wa upawa kwenye ukingo wa sufuria mpaka yawe uji. Upawa wa pili, vivyo hivyo. Ndipo anamimina yaliyobaki pamoja na mchuzi wake wote. Mchuzi ule una ladha na virutubisho, haumwagwi. Wanga wa punje zilizopondwa unasambaa na kuushika mchuzi uwe mzito. Hakuna unga wa kiwandani, hakuna kiungo cha kununua. Chumvi ya mwisho anaitia sasa, anaonja, anaacha ichemke taratibu dakika kumi na tano. Siku ikiwa ipo nazi, ataikuna kwa mbuzi, atachuja tui, na tui la kwanza atalitia mwishoni kabisa na kulikoroga bila kuliacha litokote kwa nguvu, lisikatike. Siku nyingi nazi haipo, na maharage yananoga bila hiyo.

Mnaona sasa? Fedha iliyoingia pale ni ya vitunguu viwili, nyanya zilizobonyea na vijiko vitatu vya mafuta. Ujuzi wote umekaa kwenye mpangilio na subira.

Bibi hupika maharage ya siku mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu sufuria kubwa haili mkaa maradufu ya sufuria ndogo. Kwa kuwa nyumba haina friji, yale ya kesho hayaungwi leo. Yanabaki chukuchuku, hayaguswi kwa mwiko ulioingia mdomoni, na yanachemshwa mpaka yatokote usiku kabla ya kulala na tena asubuhi. Joto la Morogoro halisamehe. Yakitoa povu na harufu ya kuchacha, yamekwenda, na kuyachemsha upya si dawa.

Siku ya pili, badala ya wali au ugali, bibi hukumbuka kwao na kupika makande. Najua makande yana sifa mbaya miongoni mwenu, kwa sababu zilezile za shule. Lakini Wapare na Wasambaa hawakuyapenda bure. Mahindi yaliyokobolewa yanalowekwa na kuchemshwa kwanza, kwa kuwa yanachelewa kuiva, maharage yanafuata, na mwisho yanaungwa kwa vitunguu, na tui au maziwa kama yapo. Sasa sikilizeni kinachotokea mwilini. Protini hujengwa kwa viungo vidogo viitwavyo amino asidi, na mwili wa mtoto anayekua unavihitaji vyote kwa pamoja. Mahindi yana upungufu wa kiungo kimoja kiitwacho laisini. Maharage yanacho tele. Maharage nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikikutana tumboni, kimoja kinajaza pengo la kingine, na mtoto anapata protini inayoikaribia ile ya nyama kwa sehemu ndogo sana ya bei ya nyama.

Na mambo haya si mapya kwetu. Mahindi na maharage haya tunayoyala yote asili yake ni bara la Amerika, yakaletwa Afrika baada ya Wazungu kufika Amerika mwaka 1492. Kabla ya hapo watu wa huku walikuwa na mtama na uwele, na pembeni yake kunde na njugumawe, vyote vya Afrika. Nafaka kwa jamii ya kunde. Wageni wawili walikuja wakakalia viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Kutengana kwao ni hatari. Mwaka 1990, wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakiishi zaidi kwa mgao wa mahindi. Karanga zilizokuwemo kwenye mgao zilikoma kuja. Haikupita muda watu wakaanza kupasuka ngozi sehemu zinazopigwa na jua, kuharisha, wengine kuchanganyikiwa akili. Ulikuwa ugonjwa wa pelagra, unaotokana na kukosa vitamini iitwayo niasini, na waliougua walizidi 17,000. Mahindi peke yake hayampi mtu niasini ya kumtosha. Kilichokuwa kinawalinda ni ile karanga. Kwa hiyo mkimwona bibi anatwanga karanga kiganja kimoja na kuzitia kwenye mchicha, hapambi chakula. Kiganja hicho ni cha lazima kuliko soda ya mtoto.

Kuhusu unga nitasema machache. Mahindi yakikobolewa kabla ya kusagwa tunapata sembe, laini na nyeupe, lakini ganda na kiini vimebaki mashineni kama pumba, na humo ndimo zilimokuwa vitamini nyingi na mafuta. Yakisagwa mazima tunapata dona. Gunia lilelile likisagwa dona linatoa unga mwingi zaidi kuliko sembe. Dona haikai sana kwa sababu mafuta ya kiini huchacha, basi nyumba hii inasaga kidogo kidogo. Wapo vijana wanaoona aibu kula dona mbele ya wageni. Mimi ningewashauri waione aibu hiyo kuwa haina maana hata kidogo.

Mboga za majani ndizo nafuu kuliko vyote. Mchicha, matembele, majani ya maboga, mnavu, mlenda, vingine vinaota nyuma ya nyumba kwenye maji ya kuoshea vyombo. Vinaoshwa vikiwa vizima, kisha ndipo vinakatwa, maana ukikata kwanza vitamini zinaondoka na maji. Kisamvu kina sharti lake: majani ya muhogo yana kemikali inayozaa sumu ya sianidi, na ndiyo sababu yanatwangwa kinuni hadi yalainike kabisa kisha yanachemshwa muda mrefu, mwanzoni bila kufunika, sumu iondoke na mvuke. Anayekipika kisamvu kwa haraka ili aokoe mkaa anahatarisha watu.

Na dagaa. Wa Ziwa Victoria wanafika kila pembe ya nchi kutoka soko la Mwaloni Kirumba pale Mwanza. Wa Kigoma huvuliwa Ziwa Tanganyika usiku kwa taa na bei yao iko juu. Dagaa waliokaushwa mchangani ni rahisi kuliko waliokaushwa kwenye vichanja, lakini sehemu ya uzito unaoulipia ni mchanga. Bibi anatoa vichwa, anawaosha kwa maji ya moto mara mbili tatu hadi chini ya beseni pasiwe na chembe, anawakaanga bila mafuta mpaka wakauke, ndipo anawaunga na nyanya na ndimu. Dagaa analiwa na mifupa yake, na kwenye mifupa ndiko kalsiamu iliko. Mdogo wa chekechea anasagiwa dagaa na kutiliwa kwenye uji au mchuzi, kiasi kidogo, kila siku wanapokuwepo.

Lipo jambo moja la hela linaloniuma, na nataka mlijue mapema. Mwenye kidogo hulipa zaidi. Chukueni mafuta ya kupikia. Tuseme dukani kipimo cha shilingi 500 kinatoa mililita 80. Pigeni hesabu: lita moja kwa vipimo itakuwa shilingi 6,250. Tuseme dumu la lita tano, dukani hapohapo, ni shilingi 25,000. Kwa dumu, lita ni shilingi 5,000 tu. Mama anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini shilingi 25,000 hana siku moja. Na mwenye duka si mwizi; naye ana kodi ya fremu. Basi mama amekaa na majirani watatu, wakakubaliana. Kila mmoja anatoa 6,250, wananunua dumu, wanagawana kwa chupa, kila nyumba lita moja na robo. Hela ileile ambayo kwa vipimo ingempa lita moja sasa inampa na robo juu. Wakati wa mavuno wanafanya vivyo hivyo kwa gunia la maharage. Inataka kuaminiana, daftari, na mtu mmoja asiyechoka kudai.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye daftari hilo. Kuchambua, kuchota maji, kuloweka, kupepea, kuponda, kukaa macho usiku ili maharage yachemke kabla ya kulala: kila shilingi iliyookolewa jikoni imelipwa na mtu kwa saa zake. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, na anayemsaidia ni binti, hata kama kesho ana mtihani. Watu husifu mama anavyojua kubana matumizi, halafu wanakaa wakisubiri sahani. Mimi sioni kama hiyo ni sifa ya kutosha. Ndiyo maana katika nyumba hii bibi alipanga mambo kwa namna nyingine. Kuchambua na kuloweka ni kazi ya kijana wa darasa la saba. Baba, siku asiyopata kazi, anakuna nazi na kutwanga kisamvu, na alipoona jirani anacheka aliendelea kutwanga. Binti anaunga mara moja kwa wiki kwa sababu anapenda, na siku nyingine anasoma.

Mkitaka kujaribu, ombeni ruhusa Ijumaa jioni. Nunueni robo kilo ya maharage mapya, chambueni, osheni, lowekeni usiku kucha kwenye maji mengi. Jumamosi mwageni maji hayo, injikeni kwa maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole vinne, yatokote kwa nguvu dakika ishirini, kisha punguzeni moto na mfunike. Msitie chumvi wala nyanya mpaka punje ikibanwa kwa vidole viwili isambaratike yote bila kiini kigumu. Maji yakipungua, ongezeni ya moto, si ya baridi. Mkifika kwenye vitunguu, mwiteni bibi akae pembeni aangalie, na upawa mkaushike ninyi.